Gari Linalosimama

Santiago de Cuba, 2 Februari 1997

Mwanangu Nereida,

Barua yako imefika salama, pamoja na sabuni na kahawa. Umetuma kahawa Santiago, ambako milima yote iliyo mbele ya dirisha langu imejaa mibuni. Nilicheka, kisha nikainywa yote, maana siku hizi mibuni tunaiona lakini kahawa yenyewe hatuioni.

Unauliza nahitaji nini. Mimi sihitaji kitu. Mwenye shida ni Kijani. Unajua gari la zamani lilivyo: linakula kuliko mgonjwa aliyepona. Mwaka jana lilikula kabureta, kabla ya hapo likala gia ya kwanza, na mpaka leo gia hiyo huchomoka yenyewe nisipoishika kwa mkono. Yote hayo namvumilia, maana na yeye ananivumilia mimi. Lakini sasa ni breki. Nataka raba za breki, vile vikombe vidogo vya mpira vinavyokaa ndani ya silinda ya kila gurudumu. Za dukani hatujaziona hapa tangu ukiwa na meno ya utoto. Fundi Nemesio hutuchongea kutoka kwenye tairi la trekta. Mkono wake ni mzuri, lakini tairi la trekta halikuzaliwa liwe breki. Na mafuta ya breki ni yale yale tunayojipikia nyumbani, mafuta ya mbegu za nyonyo na spiriti. Asubuhi pedali ni ngumu. Jua likipanda inazama, napiga mara tatu ndipo Kijani anasikia.

Nimekuchorea raba moja kwa penseli kwenye karatasi hii. Ukikunja barua usikunje hapo.

Mdogo wako Leonel nimemwambia nakuandikia. Amesema nikusalimie. Hapana, nisikudanganye, hakusema. Kutwa yuko barabarani na gari lake Kiraka, abiria wamejazana mbele na nyuma, na kila asubuhi binti yake Dayamí hukaa katikati yao mpaka mlango wa shule. Nikamwambia, mwanangu, nikuombee na wewe seti yako, maana haya magari mawili niliyafanya ndugu kwa mikono yangu mwenyewe, chochote cha hili kinaingia kwenye lile. Akanijibu: "Mzee, kitu cha Nereida hakiingii kwenye gari langu. Alimwacha mama kitandani akaenda zake. Hizo raba akazibie masikio." Ana kinywa cha mama yako, ila mama yako alikuwa akimaliza kusema anakupakulia chakula. Huyu bado hajafika kwenye kupakua. Mvumilie.

Baba yako,
Eudaldo

*

Tampa, 9 Machi 1997

Baba mpenzi,

Anayekuletea kifurushi hiki ni Bi Ofelia, anakuja kumwona dada yake. Mpe maji baridi, ana presha.

Raba nimezipata. Nilizunguka na karatasi yako mkobani wiki nzima kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Mwisho nikaelekezwa duka la mzee mmoja anayeuza spea za magari ya kale. Baba, huku magari kama Kijani yapo, lakini hayafanyi kazi. Wazee wastaafu huyafuta kwa kitambaa laini, na Jumapili huyapeleka uwanjani, wakafungua boneti na kukaa kando kwenye viti wakiyatazama. Niliona moja la rangi ile ile. Niliweka mkono juu ya mlango wake na mwenyewe akaniomba niutoe.

Muuzaji aliweka raba yake juu ya mchoro wako, ikakaa sawasawa. Ndani yake kuna namba imechapwa, 1147, uiangalie. Alikuwa na seti moja tu ya magurudumu manne. Nilitaka na ya Leonel, ingawa najua angeitupa.

Sasa sikiliza vizuri, Baba, usifanye ubishi. Raba hizi zinataka mafuta ya breki ya kwenye hiyo chupa na si mengine. Muuzaji ameniambia zikikutana na nyonyo zinavimba, kisha zinaachia ghafla. Mwaga mchuzi wenu wote kabla ya kutia haya. Nakuomba.

Nafua mashuka ya hoteli bado. Mikono imekuwa kama ya mama.

Mwanao,
Nereida

*

Santiago de Cuba, 20 Aprili 1997

Mwanangu,

Bi Ofelia amekunywa maji, amekunywa na kahawa, na amekaa mpaka Fermina wa jirani akaanza kuwa na mawazo mengine juu yetu.

Raba zimefunga kazi. Nilizifunga Jumapili, Leonel alipokwenda kutazama besiboli. Zimeingia kana kwamba zimezaliwa humo. Mchuzi wa zamani niliumwaga wote, mabomba nikayaosha kwa spiriti, nikatia mafuta ya chupa yako mpaka tone la mwisho. Ubishi sikufanya. Sasa gari linasimama pale pale unapoliambia. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki hata kidonda si. Nililala juu ya mgongo chini ya gari, grisi ikinidondokea usoni, nikawa nazitazama tu.

Usimwandikie Leonel habari za raba. Mwache kwanza. Ipo siku atazikubali bila mtu kumlazimisha.

Wale wazee wa Jumapili waambie hivi: gari lisilowahi kubeba nguruwe halijawa gari. Kijani amebeba nguruwe, amebeba maharusi, na wewe mwenyewe alikubeba kutoka hospitali ukiwa umefungwa kwenye shati langu. Mwezi wa tisa atawabeba kina mama wa mtaa kwenda kanisa la El Cobre kwa Bikira Maria, kama kila mwaka. Fermina ameshaanza kugombania kiti cha mbele.

Wiki hii nimelala usingizi mzuri, mwanangu, ambao sijaulala kwa muda mrefu. Mungu akulinde kwa hilo.

Eudaldo

*

Tampa, 6 Julai 1997

Mdogo wangu Leonel,

Hujibu, lakini najua unasoma. Dayamí aliniandikia nyuma ya ile picha yake ya shule kwamba barua zangu unaziweka kwenye sanduku la spana.

Nimepata ruhusa ya kuja Desemba na tikiti nimeshakata. Sitaki kwenda hotelini kama mgeni. Nataka kulala kwenye chumba cha mama. Nyumba ni ya Baba na yeye ameshanifungulia mlango, lakini wewe ndiye unayeishi humo na sitaki kuingia ukiwa umenipa kisogo.

Siku niliyoondoka, begi langu alilifunga mama mwenyewe. Alijua anakufa na alijua naenda. Wewe ulikuwa jeshini, hukuliona hilo, na tangu hapo hujanipa nafasi ya kulisema. Sikuombi unisamehe. Nataka neno moja tu, njoo au usije.

Dada yako,
Nereida

*

Tampa, 13 Septemba 1997

Leonel,

Fermina alipiga simu kwa jirani yangu. Nilisikia El Cobre, nikasikia Kijani, nikasikia ukuta, kisha laini ikakatika. Alipopiga tena alikuwa analia, akasema tu kwamba ameshazikwa.

Baba yangu amezikwa na mimi nilikuwa nafua mashuka. Kama una chuki nami endelea nayo, sikukatazi. Lakini niambie alikufaje. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Nereida

*

Santiago de Cuba, 28 Septemba 1997

Nereida,

Umeuliza, nakujibu.

Siku ya Bikira aliwapeleka kina mama El Cobre na alizeti zao. Wakasali, wakaweka maua, wakatoka. Pale juu kanisani kabla ya mteremko huwa anawashusha wote watembee, yeye anateremsha gari peke yake. Ni tabia yake ya siku zote. Husema mteremko ni wa dereva na Mungu. Mwaka huu Fermina alikataa kushuka. Akamwambia: "Eudaldo, mtaa mzima unajua una breki za Tampa. Miguu yangu inauma, niteremshe kama malkia." Akamjibu: "Shuka, mama. Miguu yako ina dhambi nyingi, iache itubu kidogo." Wakacheka, wakashuka.

Akateremka na gia ya kwanza, ameishika kwa mkono. Katikati gia ikachomoka. Fermina anasema aliona taa za breki zikiwaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Alikuwa anapiga pedali na hakuna kitu. Chini kulikuwa na watu wamejipanga kununua mishumaa. Akakata usukani kushoto, kwenye ukuta wa mawe. Hakuna mwingine aliyeumia.

Kwa hiyo usiniulize alikufaje. Jiulize mwenyewe. Miaka yote alitembea na raba za Nemesio na mchuzi wetu, zikazama, zikagoma, lakini hazikumuua. Zimekuja zako, mwaka haujaisha yuko kaburini. Mafundi wote wa hapa wanasema kitu kimoja: mpira wa kigeni hauelewani na mabomba yaliyonywa nyonyo tangu enzi, hata uyaoshe vipi.

Ulituma ulichotuma kwa nia njema, hilo sikatai. Lakini nia njema haishiki gurudumu.

Kijani nimelivuta mpaka uani nikalifunika turubai. Sitaki kuliona. Kuhusu Desemba, fanya unavyotaka.

Leonel

*

Tampa, 16 Novemba 1997

Leonel,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Nikamuuliza kama mabomba yalikuwa na nyonyo kwa miaka mingi, spiriti inaweza kuyasafisha kabisa? Akasema hawezi kujua, hajawahi kuona gari lililotiwa nyonyo. Akaniuliza, kwa nini hukuniambia? Mara ya kwanza nilipokwenda niliuliza habari za nyonyo kama mtu anayeulizia jambo alilosikia mahali. Niliona haya kumwambia kwamba baba yangu anapika mafuta ya breki jikoni kama mchuzi. Labda amekufa kwa aibu yangu hiyo.

Kwa hiyo una haki. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, na sasa nakuandikia wewe. Nilitaka kumpa kitu cha kumlinda, nikampa kilichomuua.

Tikiti nimeirudisha. Siwezi kulala kwenye nyumba ile na kuamka asubuhi kumtazama Dayamí. Chumba cha mama mpe yeye, amekua, anahitaji mahali pa kuweka vitu vyake. Sitakuandikia tena na wewe huna haja ya kujibu. Kaburini kwake mpelekee alizeti, si waridi, waridi zilimfanya apige chafya.

Nereida

*

Santiago de Cuba, 7 Desemba 1997

Dada,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiitupe hata ukiona mwandiko ni wangu.

Tangu wiki iliyopita gurudumu la mbele la Kiraka lilikuwa linalia. Nikaliinua kwa jeki, nikalivua, na kwa kuwa liko wazi nikasema nitazame na breki. Nilikuwa sijazifungua mwaka mzima. Hazikuwa zimenipa sababu. Madereva wenzangu kila jua likipanda wanapiga pedali kama wanaopiga ngoma, mimi nagusa tu gari linasimama. Wakiniuliza siri nini, nasema ni mchuzi wa mzee. Mwezi wa nne aliniambia, "Nimekutilia mchuzi mpya, mwanangu, huu usiuchanganye na wa mtu." Nikamwambia aniachie mapishi. Akasema mapishi yako mbali.

Nimefungua silinda. Ndani kuna raba nyeusi, laini, ya kiwandani. Nimeifuta kwa shati langu. Imechapwa 1147.

Nikavua la pili, la tatu na la nne. Zote ni hizo.

Nilikaa chini pale pale. Mke wangu alikuja kuniita chakula, aliponiona akarudi ndani. Baadaye nikaenda uani, nikatoa turubai. Sikuwa nimeligusa Kijani tangu nilipolivuta. Nimefungua breki zake moja baada ya nyingine. Ni raba za Nemesio, Dada. Za tairi la trekta, zimechakaa, moja imepasuka katikati. Na ndani mna nyonyo ile ile ya siku zote. Raba zako hazikuingia kwenye Kijani hata dakika moja.

Barua alizokuandikia sinazo mimi. Hizo unazo wewe. Zitazame. Mimi nakumbuka tu alivyokuwa anasema mtaani, "gari sasa linasimama." Hakuna aliyemuuliza ni lipi. Mimi nilimwambia kitu chako hakiingii kwangu, kwa hiyo akangoja nikaenda kwenye besiboli.

Na Fermina alipokataa kushuka pale juu, akasema mtaa mzima unajua una breki za Tampa, mzee alifanya utani akamshusha. Alijua ana nini chini ya mguu wake. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuambia wala sijamwambia yeyote. Mwezi wa nane, asubuhi, nilikuwa nateremka barabara ya Trocha, gari limejaa, Dayamí katikati. Mkokoteni wa barafu ukakata mbele yangu, na nyuma yake mwanamke amebeba mtoto. Nilikanyaga. Gari lilisimama hapo hapo, mwanamke akaweka mkono wake juu ya boneti kujishikiza, tukatazamana. Abiria walinitukana kwa kuwamwagia kahawa. Jioni nilimweleza mzee kama kichekesho. Alikuwa anamenya ndizi. Akaacha kumenya, akaniuliza, "Lilisimama?" Nikasema lilisimama. Akaniuliza, "Dayamí alikuwemo?" Nikasema alikuwemo. Akainuka akaenda uani, akakaa huko. Nilidhani moshi wa jiko umemwingia machoni.

Dada, nimekuandikia maneno ambayo mtu hamwandikii mbwa. Nilikuambia umemuua, nawe ukanipa haki. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba zawadi yako kila siku, namshusha mwanangu shuleni kwa zawadi yako, na jioni narudi nyumbani kukulaani. Sijui nikuombe radhi kwa neno gani. Neno la kutosha halipo, kwa hiyo nasema tu: nisamehe.

Usiniandikie kwamba si kosa langu. Mke wangu ameshaniambia hivyo na kasisi pia. Mzee alichagua mwenyewe, na mimi nitaishi na uchaguzi wake, kwani alinichagua mimi na mtoto wangu. Ila usinifanye niishi nao peke yangu. Mtu mwingine anayeweza kuelewa uzito wake duniani ni wewe.

Nimeanza kulinyoosha Kijani. Nemesio ananisaidia na mabati, ile raba iliyopasuka aliomba nimpe akaiweka mfukoni. Fremu imepinda lakini haijakatika. Nitahitaji seti ya raba. Safari hii nakuomba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, namba unaijua.

Chumba cha mama Dayamí amekikataa. Amesema ni cha shangazi, amefagia na ameweka shuka. Kuhusu begi lako, lile mama alilokufungia, nimeambiwa na Fermina kwamba ndivyo ilivyokuwa, alikuwepo. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Kata tikiti tena, utakapoweza. Usimlipe mtu kukuleta kutoka uwanja wa ndege. Nitakuja kukupokea na Kiraka, na njiani kuna mteremko mkubwa, lakini usiogope. Linasimama.

Mdogo wako,
Leonel